Koti Lililobeba Pilau

Jumapili moja ya Januari nilipika pilau kwa sababu baridi ilikuwa imeniingia mifupani na nilikuwa na hamu ya nyumbani. Nilikuwa mgeni Uingereza, nimepanga chumba kimoja, jiko likiwa hatua tatu kutoka mlangoni, na madirisha nimeyaziba mwenyewe kwa magazeti na gundi ili upepo usipenye. Nikakaanga vitunguu mpaka vikageuka rangi ya kahawia, nikatia thomu na tangawizi, kisha uzile, yaani bizari nyembamba kwa wasomaji wa bara. Koti langu la sufu lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Asubuhi nikaoga, nikavaa blauzi iliyofuliwa, nikavaa koti juu yake, nikaenda kazini. Mwenzangu mmoja akainuka akafungua dirisha, na nje theluji ilikuwa inaanguka.

Wiki iliyofuata msimamizi aliniita kando. Kwa sauti ya upole, kama anayempa mtu pole, akaniambia kwamba viungo vya vyakula vya kwetu hutoka kwenye ngozi, akanishauri nioge mara mbili kwa siku. Nikaoga mara tatu. Nikajisugua mpaka ngozi ya viwiko ikachubuka. Koti sikuligusa, maana koti la sufu halifuliwi kila wiki, na wala halikunijia akilini.

Msimamizi yule hakuwa na nia mbaya. Alikosea mahali harufu ilipokuwa, na kosa hilo hulifanya wengi, sisi tukiwemo tunapowasema wengine. Ndiyo maana nimekusudia kulifumua jambo hili uzi kwa uzi: harufu ya mtu inatoka wapi, chakula kina sehemu gani ndani yake, na kwa nini ile inayowafanya watu waseme "wale wana harufu yao" mara nyingi haiko mwilini kabisa.

Kwanza tuitazame lugha yetu, maana Kiswahili hakina subira na harufu. Ukisema kitu kinanuka umeshahukumu. Ongeza irabu moja tu, kinanukia, na hukumu imegeuka. Anayetaka kubaki katikati inabidi azunguke: kina harufu, kinatoa harufu. Tena tuna maneno ya kazi maalumu. Shombo ni harufu ya samaki inayong'ang'ania vidoleni hata baada ya kunawa. Vumba ni ya samaki mbichi au ya bakuli la yai ambalo halikuoshwa vizuri. Kikwapa kinajitaja chenyewe. Upande wa pili kuna riha, uturi, marashi, manukato. Lugha iliyokulia kati ya ngalawa za wavuvi na majahazi yaliyopakia ubani ilihitaji maneno ya pande zote mbili.

Jasho halina kosa

Jasho likitoka tu mwilini, karibu halina harufu. Tuna tezi za jasho za aina mbili. Aina ya kwanza imeenea ngozi nzima, kati ya milioni 2 na 4 kwa mtu mmoja, na kazi yake ni kumwaga maji yenye chumvi ili mwili upoe. Pilipili inapokutoa jasho la uso, ni hizi zinazofanya kazi: ukali wake unaiamsha mishipa ileile ya fahamu inayopokea joto, ubongo ukadhani unaungua, ukafungulia maji. Aina ya pili imejikusanya kwapani, kwenye kinena na kuzunguka chuchu. Hizi hulala utotoni na kuamka wakati wa kubalehe. Ndiyo maana mtoto wa miaka 7 hucheza kutwa juani akarudi na harufu ya vumbi tu, na kaka yake wa miaka 14 akipita mama anauliza kama ameoga.

Tezi hizi za pili hutoa majimaji mazito kidogo, yenye mafuta na protini, na hicho ndicho chakula cha bakteria wanaoishi kwapani mwa kila mtu, msafi na mchafu. Bakteria wakishakula huacha mabaki, na mabaki ndiyo yanayonuka. Yako mengi, ila matatu yanatosha kulielewa jambo. Moja ni asidi yenye harufu ya beberu. Warumi wa kale walikuwa na mzaha kwamba mtu wa namna hiyo anafuga mbuzi dume chini ya kwapa. Jingine ni la salfa, linafanana na kitunguu kilichokatwa kikaachwa. Hilo hutengenezwa zaidi na bakteria aitwaye Staphylococcus hominis, na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York walieleza kimeng'enya anachokitumia. La tatu ndilo lililonikalisha kitako niliposoma habari zake. Ni asidi ambayo wanakemia huieleza kuwa ina harufu ya bizari nyembamba.

Yaani uzile. Mtu ambaye hajaonja pilau maishani mwake, aliyelelewa kwa viazi na maziwa, akitoka jasho anabeba kwapani chembe inayofanana na bizari yetu. Pua ikiikuta kwa mgeni hukimbilia kusema ni chakula chake. Pua hiyohiyo ikiikuta kwa jirani husema tu kwamba ametoka mazoezini.

Urithi una nafasi yake, na ni vizuri kuitaja kwa usahihi kwa sababu hapa ndipo watu hupenda kutia chumvi. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba herufi moja katika jeni iitwayo ABCC11 ndiyo inayoamua kama nta ya masikio ya mtu ni ya majimaji au ni kavu kama pumba. Jeni hiyohiyo inasimamia mlango wa kupitishia malighafi ya harufu kwenye tezi za kwapa. Wenye nta kavu hawana kikwapa cha kutajika, na wengi wao ni watu wa Asia ya Mashariki, kama Wakorea, Wachina na Wajapani. Waafrika na Wazungu karibu wote tuna nta ya majimaji. Mimi na msimamizi wangu, kwa maana hiyo, tulikuwa na makwapa ya ukoo mmoja.

Kinachopita kweli

Je, chakula hutoka kwenye ngozi? Baadhi hutoka. Lakini kati ya tumbo na ngozi kuna ini, na ini ni bawabu mkali. Harufu ya karafuu inatokana hasa na mafuta yaitwayo eujenoli. Ukiyala, ini huyafunga pamoja na vitu vingine na kuyapeleka kwenye mkojo yakiwa yamebadilika. Mdalasini nao hugeuzwa hivyohivyo njiani. Kwetu Pemba karafuu huanikwa kwenye majamvi hadi pembezoni mwa barabara, na mtoto aliyeshinda akichambua karafuu hulala na riha yake, lakini riha hiyo iko viganjani na kwenye nguo, haikupitia tumboni.

Kitunguu thomu ndicho chenye hila. Kikipondwa, salfa iliyomo huzaa vitu vingi vyenye harufu, na vingi huvunjwa tumboni na kwenye ini. Kimoja hakivunjwi kwa urahisi: alili methili salfaidi. Hicho huingia kwenye damu, kikafika mapafuni, kikatoka na pumzi, na kidogo hupita kwenye jasho na mkojo. Ndiyo sababu mswaki hauondoi harufu ya thomu. Unasafisha kinywa wakati harufu inapanda kutoka chini, na inaweza kuendelea hivyo hadi siku ya pili. Waliotangulia waliliona hili bila maabara. Hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad (S.A.W.) inamtaka aliyekula thomu au kitunguu kibichi asiukaribie msikiti, na bibi zetu walioijua walikuwa wakiwaambia wanaume wa nyumbani Alhamisi usiku, si Ijumaa asubuhi, kwamba kachumbari ya kesho haina kitunguu.

Lakini pumzi na kwapa ni mambo mawili. Mwaka 2016 watafiti wa Prague na Scotland walichapisha majaribio ambamo wanaume walikula thomu kisha wakavaa pamba kwapani, na wanawake wakanusa pamba hizo bila kujua nani amekula nini. Gramu 6 hazikuleta tofauti. Gramu 12 zilifanya harufu ya kwapa ihesabiwe kuwa nzuri zaidi. Mtu akikwambia thomu inaharibu jasho, basi, amechanganya kinywa na kwapa.

Watafiti wa Prague walikuwa wameshafanya jaribio jingine la namna hiyo mwaka 2006, kuhusu nyama nyekundu. Wanaume 17 walikula nyama kwa wiki 2 na katika zamu nyingine wakaiacha kwa wiki 2. Harufu za zamu isiyo na nyama zilionekana nzuri zaidi na zisizo kali. Wanaume 17 ni wachache, na sitamshauri mtu aache nyama ya mbuzi kwa ajili yao, ila ni jambo la kukumbukwa pale mla nyama ya ng'ombe kila siku anapomfungulia dirisha mla bizari.

Uwatu nao unapita, tena wazi kabisa. Mama aliyejifungua akinywa uwatu ili maziwa yaongezeke, kama ilivyo desturi Unguja, Pemba na Omani, baada ya siku chache jasho na mkojo wake huwa na harufu ya sukari iliyoungua. Kinachohusika ni sotoloni, kitu kilekile kinachoupa uwatu harufu yake. Kuna watoto wachanga waliozaliwa wakiwa na harufu hiyo kwa sababu mama zao walikula uwatu kabla ya kujifungua, na madaktari wakaingiwa na hofu, kwani upo ugonjwa adimu wa kurithi, wa hatari kubwa, unaojulikana kwa mkojo wenye harufu hiyohiyo. Mama anayetumia uwatu na akaenda kujifungulia ugenini amwambie mkunga mapema. Neno moja tu litamwokoa mtoto na vipimo vingi.

Harufu ya jikoni humfikia mtu hata kabla hajazaliwa. Mwaka 1995 watafiti wa Kituo cha Monell, Philadelphia, walichukua maji ya uzazi ya wajawazito, baadhi yao wakiwa wamemeza vidonge vya thomu na wengine vidonge vitupu. Wanusaji waliweza kuyatambua yale ya thomu. Utafiti wao wa awali ulikuwa umeonyesha kwamba mtoto anayenyonya hukaa titini muda mrefu zaidi maziwa yakiwa na harufu ya thomu. Mtoto huanza kujifunza jiko la mama yake akiwa bado tumboni, na baadaye nyumba isiyo na harufu hiyo humwonekea kama nyumba isiyopikwa.

Sasa niseme juu ya watu ambao nawaonea huruma kuliko wote katika habari hii. Wapo watu wachache waliozaliwa na kasoro katika jeni FMO3. Kwa kawaida mtu akila samaki wa baharini, mayai, maini au maharage, bakteria wa tumboni huzalisha trimethilamini, ambayo ndiyo harufu ya samaki aliyeanza kuharibika, na ini huigeuza ikawa haina harufu. Kwa watu hawa ini halifanyi kazi hiyo vizuri. Shombo inatoka kwenye pumzi, kwenye jasho na kwenye mkojo. Wanaoga kuliko jirani zao wote na haisaidii. Wengine hawaoni harufu hiyo wenyewe. Wanaisoma kwenye nyuso za watu. Fikiria kuwa hivyo katika mji wa pwani ambako samaki ndiye chakula cha kila siku, na kila mtu anadhani unajua na hujali. Kipo kipimo cha mkojo cha kuutambua ugonjwa huu, na kupunguza vyakula hivyo kwa ushauri wa daktari, pamoja na kuogea sabuni yenye asidi kidogo, huleta nafuu. Kabla ya kumsema mtu kwamba haogi, kumbuka kwamba anaweza kuwa mmoja wao.

Mwili wenye njaa pia una harufu yake. Anayekaa muda mrefu bila kula huanza kuchoma mafuta, na pumzi yake hupata asetoni kidogo, huku mate yakikauka kinywani. Waislamu wanaijua harufu ya kinywa cha mfungaji, na hadithi inasema kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu ni bora kuliko miski. Asetoni kali, yenye utamu kama wa tunda lililopitiliza, kwa mgonjwa wa kisukari anayetapika na kuhema kwa nguvu, ni jambo jingine: huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Msumari nyuma ya mlango

Nirudi kwenye koti, maana hapa ndipo penye jibu la msimamizi wangu.

Harufu za viungo zimo kwenye mafuta. Unapotia bizari kwenye mafuta ya moto, mafuta yale huzichota, kisha hupanda hewani pamoja na mvuke yakiwa matone madogo yasiyoonekana. Yakikutana na kitu baridi chenye nyuzi, hutua. Sufu ina magamba madogo juu ya kila uzi na inapenda kunyonya unyevu. Nywele ni hivyohivyo. Mapazia pia, na zulia. Mtu akitoka kwenye chumba hicho ameoga vizuri, ngozi yake ni safi, lakini amevaa moshi wa jana.

Nyumbani pilau ile ile haikupata kunifuata. Nimepika maisha yangu yote kwenye jiko la uani, juu yangu mbingu, upepo wa kusi ukichukua kila kitu na kukipeleka kwa majirani, ambao nao walikuwa wanapika. Nilipohamia kwenye chumba kilichozibwa kwa ajili ya baridi, nilibeba mapishi ya uani nikayafungia ndani ya kasha. Viungo havikubadilika. Upepo ndio uliokosekana.

Mwaka 2017 mahakama moja ya Kent, Uingereza, iliamua kwamba mwenye nyumba nyingi za kupangisha alivunja sheria kwa kukataa wapangaji wa rangi kwa madai kwamba harufu ya kari inabaki kwenye mazulia wakishahama. Kwamba harufu hukaa kwenye zulia ni kweli. Lakini zulia halimuulizi mpishi rangi yake. Aliyezaliwa Kent akipenda kari, nalo litabaki na kari, na nyama ya kuokwa ya kila Jumapili ingebaki vilevile kama pua za wenyeji zingekuwa hazijaizoea.

Nguo zina neno jingine pia. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwavalisha watu 26 fulana wakafanya mazoezi, kisha fulana zikanuswa. Za poliesta zilinuka kuliko za pamba, kwa sababu wapo bakteria wanaostawi kwenye poliesta. Jezi ya mpira inayorudi kunuka dakika kumi baada ya kuvaliwa, ingawa imefuliwa, usimlaumu mwenye nayo. Kwa kwapa lenyewe, shabu ya dukani, jiwe lile jeupe la bei ndogo, bado ni dawa nzuri. Chumvi za alumini zilizomo ni jamaa wa zile zinazouzwa kwenye vichupa vya kupaka. Ndimu hufanya kazi pia kwa kuwa bakteria hawapendi asidi, lakini maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi yanaweza kuiunguza na kuacha baka jeusi. Osha kabla ya kutoka.

Harufu ya kuvaliwa

Hapo juu nimesema juu ya harufu inayomjia mtu bila hiari. Ipo nyingine ambayo mtu huivaa kwa makusudi, na sijui watu wengi wanaolifanya jambo hili kwa subira kama wanawake wa pwani yetu.

Mama yangu alikuwa na chetezo cha udongo, ukingo wake umemeguka upande mmoja. Mkaa ulisubiriwa mpaka uvae jivu jeupe, kwani mkaa mwekundu huunguza udi, na udi ulioungua hutoa moshi mchungu. Halafu vipande viwili vya udi uliopikwa na sukari na mafuta mazuri. Sukari ilichemka kidogo, ikavuta, na moshi ukaanza kupanda polepole, mzito, wa rangi ya maziwa. Mama alisimama juu yake akiwa na kanga moja, akaukusanya moshi ndani ya kanga kama anayekinga mvua, kisha akainama akafungua nywele ambazo zilikuwa bado na unyevu wa kuoga. Nywele zenye maji huushika moshi. Baada yake ilikuwa zamu ya nguo, kisha foronya za mito, na mwisho chetezo kilizungushwa chumbani na kuachwa nyuma ya mlango.

Udi ni zao la mti uliojeruhiwa. Mti wa Akwilaria, unaoota kuanzia Assam hadi visiwa vya Indonesia, ukipata kidonda na ukungu ukauingia, hujitetea kwa utomvu mweusi, na mbao iliyolowa utomvu huo ndiyo inayokwenda Dubai na Maskati kwa bei kubwa na kutufikia sisi vipande kwa vipande. Molekuli zake ni nzito, hazina haraka ya kuruka hewani, ndiyo maana kanga iliyofukizwa leo inanukia hata wiki ijayo. Asumini ni kinyume chake. Hufunguka jioni, hunukia usiku kucha, asubuhi imekwisha. Kikuba kinachobandikwa kifuani, cha asumini, mrehani na langilangi, hudumu usiku mmoja, na hivyo ndivyo kilivyokusudiwa. Kwa bibi harusi vyote hupangwa kwa tabaka: siku kadhaa za kusingwa kwa singo iliyosagwa na kuchanganywa na marashi, halafu liwa, halafu mafuta, halafu moshi wa udi, na maua juu ya yote. Kazi ya tabaka hizi haikuwa kuficha jasho. Mtu aliyeoga ndiye anayejifukiza.

Kila watu wana njia yao. Wanawake wa Sudan walioolewa huketi juu ya shimo lenye moshi wa mti wa talhi, wamejifunika blanketi, jasho likitoka na moshi ukiingia, na harufu hiyo hukaa kwenye ngozi kwa siku nyingi. Wahimba wa Namibia, wanaoishi mahali pasipo na maji ya kuchezea, hujipaka siagi iliyochanganywa na udongo mwekundu na utomvu wa mti wa kwao, kisha hujifukiza. Langilangi ya vikuba vyetu ndiyo ileile inayokamuliwa Komoro, Nzuwani hasa, na kwenda Ufaransa. Imo ndani ya Chanel No. 5 tangu mwaka 1921. Mwenzangu aliyefungua dirisha alikuwa anajipulizia manukato ya Kifaransa kila asubuhi. Huenda wote wawili tulikuwa tumebeba maua ya kwetu.

Mstari kati ya kunuka na kunukia ni mwembamba kuliko tunavyopenda kukiri. Asumini ina indoli, ambayo imo pia kwenye kinyesi. Ikiwa kidogo ndani ya ua inalipa uzito wake, ikiwa nyingi peke yake inatapisha. Zabadi hukamuliwa kwenye tezi zilizo karibu na mkundu wa ngawa. Ambari hutoka kwenye utumbo wa nyangumi. Manukato haya yaliyothaminiwa sana na mababu zetu ni taka za wanyama zilizopunguzwa makali.

Na manukato hayakai juu ya mtu kama koti. Yanachanganyika naye. Mwaka 2012 walewale wa Prague walionyesha kwamba manukato mtu aliyojichagulia, yakichanganyika na harufu ya kwapa lake, hupendwa zaidi na wanusaji kuliko manukato aliyopangiwa. Ndiyo maana uturi unaomkaa dada yako, ukijipaka wewe, unakuwa kitu kingine.

Pua ya jirani

Kandokando ya Ziwa Turkana, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, Wadasanachi wafugaji huitukuza harufu ya ng'ombe. Wanaume hunawa kwa mkojo wa ng'ombe, na samli hupakwa na wasichana mabegani na vichwani. Ndugu zao wanaovua samaki, watu wa kabila lilelile, huambiwa wananuka. Wajapani, walipoanza kukutana na Wazungu kwa wingi katika karne ya 19, walipata neno bata-kusai, maana yake "wananuka siagi", na neno lipo mpaka leo kwa kitu chochote chenye uzungu mwingi. Mla mchele na samaki alimwona mla maziwa vilevile nilivyoonwa mimi na koti langu.

Huko Marekani aibu ya kwapa iliuzwa kama bidhaa. Mwaka 1919 tangazo la dawa iitwayo Odorono, katika jarida la wanawake, liliwaambia wasomaji kwamba huenda wananuka na hawajui na hakuna atakayewaambia. Mamia ya wasomaji walikasirika wakasitisha kununua jarida, na mauzo ya dawa yakapanda.

Hata hivyo pua za wanadamu hazitofautiani sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwapa watu zaidi ya 200 wa jamii 9, baadhi yao wawindaji na wakulima walio mbali na miji, harufu 10 wazipange. Vanila ilikuwa juu, na chini kabisa ilikuwa asidi inayofanana na soksi zilizovaliwa. Utamaduni wa mtu ulieleza asilimia 6 tu ya tofauti. Zilizobaki zilitokana na molekuli yenyewe na ladha ya mtu binafsi. Nadhani utafiti huu unasema kitu kikubwa juu ya dirisha lile. Pua ya mwenzangu haikuwa ya kabila jingine. Ilikuwa tu haijazoea. Pua huacha kusikia kile kinachokaa nayo. Mimi sikuisikia bizari kwenye koti langu, naye hakuisikia nyumba yake kwenye lake.

Hilo nililijua kwa yakini niliporudi Wete baada ya miaka 2. Nilifungua sanduku sebuleni, na binti wa dada yangu, wa miaka 9, akaingiza kichwa ndani kabla sijatoa hata zawadi.

"Mama mdogo, nguo zako zinanukia Ulaya."

Nikazinusa. Sikusikia kitu. Akaniambia ni kama sabuni, kama duka jipya, kama ndani ya friji. Watoto wengine wakaja nao wakaingiza vichwa. Koti la sufu lilikuwa chini kabisa, na mama alilichukua mwenyewe, akalikung'uta, akalitandaza juu ya kiti cha kamba na kuweka chetezo chini yake. Alifanya hivyo jioni tatu mfululizo. Siku ya safari alilikunja likiwa bado na joto la makaa, akalitia ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga mafundo mawili, akaniambia nisiufungue uwanja wa ndege.